Mbu Wangu Alikaa Vibaya: Blender Kwenye Kazi ya Kliniki

Ujumbe wa sauti wa kwanza kutoka kwa Dokta, daktari wa kliniki niliyokuwa naitengenezea video, ulikuwa wa sekunde kumi na moja. "Binti yangu, pole na kazi. Huyu mbu wako amekaa vibaya. Huyu ni wale wa shimo la choo. Wa malaria anainua makalio. Mwinue." Nyuma yake mtoto analia, halafu kimya. Niliusikiliza mara tatu ndani ya daladala, na mara ya tatu jirani yangu wa siti aliusikia wote, maana waya za masikioni zilikuwa zimechomoka. Akanigeukia kama mtu anayetaka kuuliza kitu, akaamua kunyamaza.

Naanza na ujumbe huo kwa sababu kila nikiulizwa kama Blender, programu ya bure ya kutengeneza na kuchezesha picha za 3D (zenye kina), inafaa kwa kazi ya kulipwa, watu wanategemea nizungumzie uzuri wa picha. Picha nzuri siku hizi inatoka kwenye programu yoyote, mradi mkono upo. Mimi nina swali jingine. Daktari akisema umekosea, na lazima atasema, kurekebisha kunakula nini: dakika kumi, siku mbili, au kazi nzima? Nimeipima Blender kwa swali hilo, kwenye kazi moja iliyochukua miezi miwili.

Mimi ni mtu wa mosheni, kazi ya kuchezesha maandishi na michoro kwenye video. Miaka minane nimekula kwa intro za harusi, matangazo ya saluni, na majina ya bwana na bibi harusi yanayoingia kwenye vumbi la dhahabu. Zote nilizifanya kwa After Effects, programu ya kulipia ya kazi hizo, na nikipewa jina la kuchezesha sasa hivi bado nitaifungua hiyohiyo. Halafu kliniki moja ya watoto hapa Dar ikanitafuta. Walitaka video ya sekunde 90 kwa ajili ya televisheni ya chumba cha kusubiri, ya kumweleza mzazi kwa nini mtoto amalize dawa mseto ya malaria hata kama homa imeshuka siku ya pili. Milioni moja na laki mbili, nusu mbele. Na jambo moja zaidi: bila sauti, kwa sababu televisheni ile hufungwa sauti ili wagonjwa wasikie wakiitwa.

Kueleza dawa mseto bila sauti maana yake ni kuingia ndani ya mwili. Mbu anadunga, vimelea vinaingia kwenye damu, ndani ya muda usiofika hata saa moja vinakuwa vimejificha kwenye ini. Huko vinakaa kama wiki hivi, mtoto anacheza mpira, hana habari. Kisha seli ya ini inapasuka na kumwaga vimelea kwa maelfu, vinaingia kwenye seli nyekundu za damu, vinazaliana humo, na kwa aina ya falciparum, ambayo ndiyo iliyotawala kwetu, kila saa 48 hivi seli zinapasuka, homa inapanda. Vitu hivi huwezi kuvionyesha kwa leya bapa, yaani tabaka za picha, zinazoteleza. Nilihitaji 3D, na pesa ya programu ya 3D ya kulipia kila mwezi kwa dola sikuwa nayo.

Ndiyo nikapakua Blender 4.2. Faili lake halifiki hata nusu gigabaiti, linashuka kwa bando la siku moja. Nililichagua toleo hilo makusudi: lilitoka Julai 2024 na wenyewe waliahidi kulitunza kwa miaka miwili. Kazi ya mteja haihamishwi toleo katikati ya safari, hilo nilishajifunza kwa machozi kwenye programu nyingine.

Kuhusu ubure wake, kuna watu hapa mjini bado wanadhani ni toleo la majaribio au ni la wizi. Siyo. Mwaka 2002 kampuni iliyokuwa ikiitengeneza ilifungwa, na mwanzilishi wake, Mholanzi Ton Roosendaal, akaitisha kitu ambacho sisi tungekiita harambee: euro laki moja ili wawekezaji waiachie. Ndani ya wiki saba pesa ikapatikana, na Oktoba 13 mwaka huohuo Blender ikawekwa huru kwa leseni ya GPL, inayomruhusu yeyote kuitumia, kuibadilisha na kuigawa. Leseni hiyo inahusu programu yenyewe, si kazi yako. Unachotengeneza ni chako, unakiuza kwa bei unayotaka. Meneja wa kliniki aliniuliza hilo kwa maandishi kabla ya kusaini, na nilimjibu kwa maandishi.

Sasa mbu.

Mbu wangu wa kwanza nilimchonga kwa siku nne na nilimpenda. Nilifuata picha tatu nilizookota mtandaoni bila kuangalia ni za mbu gani. Mgongo nikaupinda, mwili ukalala sambamba na ngozi. Miguu nikaipaka mistari myeupe kwa sababu inapendeza kwenye mwanga wa pembeni. Usoni nikampa antena zenye manyoya mengi, kama ufagio wa kufutia vumbi. Nikamtumia Dokta picha nikisubiri pongezi.

Baada ya ule ujumbe wa makalio ukaja wa pili, mrefu. Mkao ule ni wa Culex, yule wa shimo la choo. Miguu ya mistari ni ya Aedes, anayeleta homa ya dengi, na mzazi wa Dar aliyepita kwenye mlipuko wa 2019 anaweza kuifahamu ile miguu. Na zile antena za manyoya ni za dume, na dume haumi mtu, anakunywa utamu wa maua tu. "Kwa hiyo, mwanangu, umenitengenezea dume la shimo la choo lenye soksi za dengi." Alikuwa anacheka. Mimi sikucheka mpaka jioni.

Anofelesi jike, mbu wa malaria, akitua, mwili wake ni mstari mmoja ulionyooka kuanzia mrija wa kunyonyea hadi mkiani, na mkia uko juu. Ukishamjua humsahau tena. Mistari ya miguu ilifutika kwa dakika moja, ilikuwa rangi tu. Antena nazo nilizinyoa kwa namba: nilizitengeneza kwa mfumo wa nywele, nikashusha idadi, zikabaki chache. Lakini mkao! Mbu wangu alikuwa na mifupa, maana bila mifupa huwezi kumtembeza, na nilikuwa nimeipanga kuanzia kiwiliwili kwenda miguuni. Nikiinua mkia, miguu yote sita inang'oka kwenye ngozi ya mtoto. Nikirudisha mguu mmoja, mwingine unazama nyamani. Siku mbili nzima. Fundi mwenzangu alipokuja kuangalia akaniuliza kwa nini sikubandika nyayo tangu mwanzo, yaani kuiambia programu kwamba nyayo hazitoki zilipo na viungo vya juu vijipange vyenyewe. Kitu hicho kimo ndani ya Blender, na kingenichukua nusu saa kukiweka. Kosa langu, naliandika kama langu.

Hapo nikawa nimeshaelewa kazi hii inataka nini. Kila nilichokitengeneza kwa mkono, Dokta akikigusa kinaniumiza. Kila nilichokitengeneza kwa maelekezo, akikigusa nabadilisha maelekezo tu. Kwa hiyo damu nikaamua kuifanya yote kwa Geometry Nodes, mfumo wa Blender wa kujenga vitu kwa maelekezo.

Nieleze kwa anayetoka After Effects kama mimi. Badala ya kuweka seli moja moja, unachora njia ya mshipa, unaunganisha visanduku vichache (ndizo nodi) kwa nyuzi, na visanduku vile vinasema: mwaga nukta ndani ya mshipa huu, kwenye kila nukta weka seli, kila seli igeuze upande wake, zote zisogee mbele kwa mwendo huu. Seli unayochora ni moja tu. Zilizobaki ni vivuli vyake, programu haibebi uzito wa kila moja. Ndiyo maana laptop yangu, niliyoinunua imetumika Kariakoo, yenye RAM ya gigabaiti 16 na kadi ya michoro yenye gigabaiti 6, haikulalamika.

Nikamtumia Dokta mshipa wa kwanza. Jibu: "Hizi ni donati. Seli nyekundu haina tundu. Ni sahani, imebonyea katikati pande zote mbili, haijatoboka."

Nilikuwa nimeanzia kwenye umbo la pete kwa sababu ndilo rahisi. Nikafungua ile seli moja ya mwanzo, nikafuta pete, nikachukua tufe, nikalibana likawa bapa, nikalibonyeza katikati kwa kidole cha programu, mbele na nyuma. Pembeni ya skrini mshipa mzima ulikuwa wazi. Nilipoachia kipanya, seli zote mia nne ziliziba tundu kwa mpigo mmoja. Nilirudisha nyuma, nikafanya tena, ili nizione tu. Kwa mtu aliyezoea kufungua leya arobaini kubadilisha fonti, ile ni raha ya peke yake.

Akaja na lingine. Mapigo. Nilikuwa nimeweka damu isukumwe mara 60 kwa dakika, kwa sababu ndiyo namba iliyo kichwani mwa kila mtu. "Mtoto wa miaka mitatu mwenye homa, moyo wake unapiga kama wa babu aliyelala?" Nikaandika 140 kwenye kisanduku. Mshipa mzima ukabadilika tabia, ukawa na wasiwasi, na bila kupanga nikapata hisia ya homa ambayo nilikuwa naitafuta kwa rangi.

La mwisho lilikuja siku mbili kabla ya kukabidhi. Seli ni chache mno. Kwenye damu ya kweli, kama asilimia 40 ya ujazo wake ni seli nyekundu. Hazielei kwa nafasi kama maboya Kigamboni. Nikapandisha kutoka 400 hadi 2,200. Kompyuta ikafikiri kidogo, ikaleta.

Na hapa ndipo penye kasoro ambayo mafunzo ya YouTube huwa hayaisemi kwa sauti. Vile vivuli havijuani. Seli zinapitana kama mizimu, moja inaingia tumboni mwa nyingine na kutokea upande wa pili. Zikiwa 400 huoni. Zikiwa 2,200 ni aibu. Kuna njia za kuzifanya zigongane kweli, lakini hapo unaingia kwenye kupiga hesabu za mgongano fremu kwa fremu, na uhuru wote wa kubadilisha namba unaondoka. Tukakubaliana 1,500, nikapunguza ukubwa wake kidogo, nikaweka ukungu wa kamera ili jicho libaki kwenye seli tatu za mbele. Dokta aliangalia akasema, "Sawa, nimekubali kudanganywa." Kwake hiyo ni sifa kubwa.

Seli ya ini inayopasuka ilikwenda kinyume kabisa. Pale nilitaka ute na vipande vinavyoruka, nikatumia simulesheni. Blender inapiga hesabu yote kwanza na kuihifadhi, na hatua hiyo inaitwa kuoka. Jina limewekwa na mtu aliyepika: mkate ukishatoka haurudi unga. Dokta alipotaka mpasuko uchelewe sekunde moja na utoke upande wa kushoto, nilioka upya, dakika hamsini. Akataka uwe mdogo kidogo, dakika hamsini nyingine. Mara ya tatu nikaacha simulesheni, nikachora maumbo mawili, seli nzima na seli iliyopasuka, nikateleza kutoka moja hadi nyingine kwa kitelezo, na vimelea nikavimwaga kwa zile nodi za damu. Si halisi kama ile ya kwanza. Inarekebishika. Kwa kazi ya daktari nachagua hiyo kila siku.

Ini lenyewe sikulichonga. Kuna Z-Anatomy, atlasi huru ya mwili wa binadamu iliyojengwa ndani ya Blender kwa kutumia maumbo ya BodyParts3D ya Japani. Unalifungua faili, mwili mzima umo, kila msuli na jina lake, unachukua ini na mshipa wake. Leseni yake inataka uwataje, na ukiliboresha umbo lenyewe na kuligawa uligawe kwa masharti yaleyale. Niliandika majina yao kwenye fremu za mwisho kwa herufi ndogo. Meneja alitaka niyafute ili nembo yao ipumue. Nilikataa, na nashauri ukatae.

Kwa wanaopenda kwenda ndani zaidi, kuna nyongeza inaitwa Molecular Nodes, ya Brady Johnston. Unaandika namba ya molekuli kama ilivyosajiliwa kwenye Protein Data Bank, hazina ya maumbo ya molekuli iliyoanza mwaka 1971, na molekuli inakuja kwenye skrini yako ikiwa na kila atomu yake mahali pake. Niliandika 4HHB, ikaja himoglobini ya binadamu, ile protini ya seli nyekundu inayobeba oksijeni, minyororo minne iliyokumbatiana. Nilitaka kuonyesha kwamba kimelea kikiwa ndani ya seli kinakula himoglobini. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote kwenye kazi nzima na Dokta akaikata. "Mama wa Manzese hahitaji atomu." Alikuwa sahihi, na bado nimeiweka kwenye wasifu wangu.

Kurenda, basi, yaani kompyuta kutoa picha za mwisho. Sekunde 90 kwa fremu (picha) 25 kila sekunde ni fremu 2,250. Blender ina injini mbili kuu za kurenda, Cycles na Eevee. Cycles inafuata mwanga kama mwanga unavyokwenda, na nyama inaonekana nyama, ina ule uwekundu unaopenya kama unapoweka tochi ya simu nyuma ya kidole. Kwenye mashine yangu fremu moja ilikula sekunde 110. Piga hesabu: karibu saa 69 mfululizo. Eevee inakisia, na ilikula sekunde 7, jumla saa nne na ushee. Nikafanya sekunde sita za ini kwa Cycles, kila kitu kingine kwa Eevee. Kwenye televisheni ya inchi 43 iliyotundikwa karibu na dari hakuna aliyejua tofauti, nikiwemo mimi niliposimama mlangoni.

Umeme ulikatika fremu ya 1,412. Hapa nitoe ushauri wa bure kwa yeyote anayerendea nyumbani: usirende video, renda picha moja moja za PNG. Video ikikatika katikati umepoteza yote. Picha zikikatika una zile 1,411. Ukirudi unazima kitufe cha Overwrite, kile cha kuandika juu ya faili lililopo, programu inaziruka zilizopo na kuendelea. Ila kuna mtego. Ile fremu ya 1,412 ilikuwa imeanza kuandikwa, faili lipo kwenye folda, jina lipo, ndani hamna kitu. Programu ikaliona jina, ikaliruka. Niligundua kwenye televisheni ya kliniki, mweko mweusi kama kope. Kwa hiyo kabla ya kuendelea, futa faili la mwisho. Sasa nafuta matatu, kwa hasira.

Maandishi ndiyo yaliyonirudisha nyumbani kwetu. Video haina sauti, kwa hiyo maneno ndiyo msimulizi: DOZI YA KWANZA, DOZI YA PILI BAADA YA SAA 8 KUPITA, halafu asubuhi na jioni, asubuhi na jioni, mpaka dozi sita ziishe ndani ya siku tatu. Kwenye Blender andishi ni kitu kama kikombe au kiti, linakaa kwenye nafasi ya 3D, na kulifanya liingie herufi kwa herufi kwa ulaini ule tunaoufanya After Effects kwa kuburuta kitu kimoja ni kazi ya nusu siku na nodi zake. Inawezekana, nimeona watu wanafanya mambo makubwa. Mimi nilijaribu mistari miwili, nikahamishia maandishi yote kwenye DaVinci Resolve ya bure, programu ya kuhariri video, na nikalala mapema. Kama asilimia themanini ya kazi zako ni majina na nembo, hapa ndipo Blender inapopata nyota mbili kwangu. Kwa damu na maini naipa tano kasoro mizimu.

Kwa wateja wa sanaa mambo ni tofauti kidogo. Katikati ya kazi hii nilipata kijana wa singeli anayetaka video ya maneno ya wimbo, wiki moja. Nikatumia Grease Pencil, zana ya Blender ambayo inakuruhusu kuchora kwa mkono, kama kwenye karatasi, ndani ya nafasi ya 3D. Unachora bodaboda kwa mistari minne halafu unaizungushia kamera. Nilifurahi sana. Yule kijana hakuwahi kusema "siyo hivyo." Alisema "ongeza mzuka," mara sita, na kila mara nilitingisha kamera zaidi na akaridhika. Ukitoka kwa mteja wa namna hiyo kwenda kwa Dokta unahisi umetoka ngoma ya usiku ukaingia chumba cha mtihani. Lakini kazi ya singeli nimeshaisahau nusu. Umbo la seli nyekundu nitalichora nikiwa kikongwe.

Kujifunza kunahitaji subira. Wiki ya kwanza unabonyeza vitufe vya kibodi kwa bahati mbaya na kila kimoja kinafanya jambo: S imekuza kitu, G imekihamisha, X inataka kukifuta. Ukitafuta mafunzo kwa Kiswahili ukiandika "blenda" unaletewa mashine za juisi ya parachichi, moja baada ya nyingine, zenye bei. Kidogo kilichopo kinaishia kwenye kutengeneza kikombe. Nodi nilijifunza kwa kutazama watu wa Ulaya huku nimezima sauti yao na kusimamisha kila sekunde tatu. Jipe miezi mitatu kabla hujachukua pesa ya mtu.

Kipande ambacho Dokta alikipigania zaidi ni cha dawa yenyewe, na ndicho kilichonifanya nielewe kwa nini alinihangaisha. Dawa mseto ina dawa mbili ndani yake. Artemether ina mbio. Inaua vimelea vingi haraka, na baada ya saa chache imeshapungua sana mwilini. Lumefantrine ni ya polepole na inakaa siku kadhaa. Hiyo ndiyo inayosaka vilivyobaki. Homa inaposhuka siku ya pili, mwenye mbio ameshafanya yake, mzazi anaona mtoto anakimbia uani, anaweka vidonge vilivyobaki kabatini "kwa ajili ya siku nyingine." Na vimelea vilivyobaki kwenye damu ndivyo vinavyorudi. Dawa hizo nilizitengeneza zote mbili: cheche za machungwa zinazopita kama pikipiki, na ukungu wa bluu unaoingia taratibu na kukaa. Dozi ikirukwa, ukungu unapungua. Na kikombe cha maziwa pembeni, kwa sababu lumefantrine inafyonzwa vizuri zaidi ikienda na chakula chenye mafuta. Ukungu ule nao ni nodi, namba moja ya uzito wake. Dokta aliniita nikae naye mezani, akawa anasema "punguza, punguza, hapo," kama mtu anayeelekeza gari kwenye maegesho. Dakika tano.

Siku ya kuzindua nilienda na flash mkononi na laptop begini. Shikamoo nyingi, chai ya maziwa, televisheni ikawashwa. Watu kumi na wawili hivi kwenye mabenchi, watoto wengine wamelala mabegani. Mbu alitua, mkia juu. Mtoto mmoja akasema "mbu!" na kujipiga shavu. Ini likapasuka. Damu ikaenda mbio.

Mama aliyekaa karibu yangu, mwenye kanga ya njano, alitazama yote mara mbili, kisha akaniegemea bila kujua mimi ni nani. "Samahani dada. Hao wekundu ndio wagonjwa au ndio wazima?"

Nikatazama tena kwa macho yake. Seli iliyoambukizwa nilikuwa nimeiacha nyekundu ileile, na kimelea ndani yake kama pete nyembamba ya rangi ya pinki, kwa sababu Dokta alisema, na ni kweli, kwamba seli ikiingiwa haigeuki rangi. Miezi miwili sisi wawili tulikuwa tunaiangalia tukijua tunachokiona. Nilimfuata Dokta koridoni nikamweleza. Akafikiri. "Maabara tunavipaka rangi ya Giemsa ndipo tunaviona. Vinatoka zambarau na bluu. Weka zambarau ya Giemsa, ndani ya seli tu, nje usiguse. Hapo hatujasema uongo."

Nilikaa kwenye ngazi za nyuma, karibu na tangi la maji, nikafungua faili. Kimelea ni kimoja tu, vingine ni vivuli vyake. Nilibadilisha rangi moja, nikapeleka fremu mia nane na kitu kwenye Eevee, nikachomeka chaja kwenye soketi ya mapokezi. Ilipofika saa saba mchana yule mama alikuwa bado anasubiri kuitwa.